Habari za Mvua: Waafar na Ihsani ya Walio Mbali

Sisi tusemao Kiswahili tuna mazoea ya kuulizana habari kila tukutanapo, na mazoea mengine, yaliyo makubwa kuliko hayo, ya kujibu kuwa ni njema hata kama nyumba imeungua usiku na mwenye kujibu hana pa kulala. Maana swali letu ni la adabu kuliko la kutaka kujua, na jibu letu ni la kusitiri kuliko la kueleza. Waafar, ambao maskani yao ni nchi ile ya joto na chumvi iliyo baina ya milima ya Uhabeshi na Bahari ya Sham, hawana anasa hiyo. Kwao watu wawili wakikutana njiani huchutama chini, wanyama wakasimama, kisha mmoja huuliza na mwenziwe hueleza, bila ya kuharakishwa, yote aliyoyaona na kuyasikia tangu alipoondoka kwao: mvua imenyesha wapi, malisho yako upande gani, kisima kipi kimekauka, nani amekufa na nani amejifungua, mgeni gani amepita, ugomvi gani umezuka, na akimaliza huyu, huanza yule. Ada hiyo huitwa dagu, na katika sheria yao ya jadi, iitwayo madqa, kupeleka uongo kwa njia ya dagu si kosa dogo, kwa kuwa ukoo mzima waweza kuhamisha mifugo yake kwa neno la mpita njia mmoja.

Nimetanguliza dagu kwa sababu historia ya misaada kwa kaumu hii aghalabu husimuliwa kuanzia siku mgeni alipowasili na gunia la nafaka, nami naona kuwa mwanzo huo si mahali pake. Msaada kwa Waafar umefuata habari tangu zamani, kama maji yafuatavyo bonde. Na wale wachache waliotoka mbali wakawafaa kweli ni wale waliokubali kwenda kwa miguu katika njia ile ile ipitwayo na habari.

Nchi yenyewe si ya kusifiwa kwa neema. Katika bonde la Danakil, penye ardhi iliyoshuka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, chumvi imetanda kama sakafu. Wachimbaji huibandua kwa miti, wakaichonga vibao, na vibao hivyo vilikuwa vikifungwa juu ya ngamia na punda kwenda Berahle na hatimaye Mekele katika nyanda za juu. Kwa jina la amole vilikuwa fedha ya kununulia na kuuzia katika Uhabeshi kwa karne nyingi, hata karne ya 20 ikaingia vikiwa bado vyapokewa katika baadhi ya masoko. Ibn Said, mwandishi wa Andalusia, aliwataja watu hawa katika karne ya 13 kuwa ni wakazi wa pwani ishukayo hata Babu 'l-Mandab. Waarabu waliwaita Danakil, na jina hilo likakaa katika ramani za Wazungu kwa muda mrefu kuliko jina wanalojiita wenyewe. Walikuwa na masultani Tajura, Rahaita na Aussa. Na Aussa, iliyo katika maji ya chini ya mto Awash, ilipata kuwa makao ya uimamu wa Harar ulipohamishwa huko mwaka 1577, kabla ya ukoo wa Mudaito kuishika katika karne ya 18. Mwaka 1875 Werner Munzinger, Mswisi aliyekuwa akiitumikia Misri, alijaribu kupita Aussa na askari wake. Hakutoka.

Kilichoshindikana kwa bunduki kilikuwa kimekwisha kuanza kupatikana kwa hati. Wafaransa walijipatia Obock kwa mkataba wa mwaka 1862, na mwaka 1869 kampuni ya meli ya Kitaliani iitwayo Rubattino ikanunua ardhi ya Assab kwa masultani wa pwani. Na karne hiyo haijaisha, kaumu moja, yenye lugha moja na dini moja ya Kiislamu, ilijikuta imegawanywa katika sehemu tatu, ambazo leo ni Ethiopia, Eritrea na Jibuti. Kwa mwenye ngamia mpaka huo ulikuwa jambo la kusikia tu, maana mjomba alikaa upande mmoja na mpwa upande mwingine, na aliyefiwa na mifugo yake upande huu aliazimwa mnyama wa maziwa upande ule, akamkama kwa kuwalishia watoto wake, akamrejesha hali yake itengenekapo. Zaka ilitolewa, sadaka ilitolewa, na zaidi ya hizo kulikuwa na haki ya ukoo, ambayo mtu hakuihesabu kuwa ni ihsani hata kidogo, kwa kuwa alijua zamu yake ya kuhitaji itafika. Kwa hiyo mtu asemaye kuwa Waafar wamejifunza kusaidiana kutoka ughaibuni siku hizi amechelewa karne kadhaa.

Sasa tuje kwenye mto, kwa kuwa bila ya mto huo mambo yaliyofuata hayafahamiki. Awash huanza katika nyanda za juu magharibi ya Addis Ababa, ukaenda masafa ya kilomita 1,200 hivi, na wala haufiki baharini, bali hufia katika ziwa Abbe kwenye mpaka wa Jibuti. Mwingereza Wilfred Thesiger aliufuata katika miaka ya 1933 na 1934 ili kujua unakoishia, safari ambayo iliwastaajabisha wasomaji wa London. Waafar wao hawakuwa na haja nayo, kwa kuwa walikuwa wakinywesha mifugo huko tangu enzi ya mababu. Mvua za karma zikinyesha, mifugo ilitawanyika katika nyika zilizo pana. Jua likikaza, ilirudi mtoni, kwenye tambarare ambazo mafuriko ya mto yalikuwa yamezifunika kisha yakapwa, yakaacha nyasi mbichi wakati ambapo pengine pote pamekuwa vumbi. Tambarare hizo zilikuwa sehemu ndogo sana ya nchi ya Waafar kwa kipimo cha kamba. Lakini mwenye kupima kwa kamba peke yake hajui ufugaji: mwaka mzima ulining'inia juu ya miezi hiyo michache ya kiangazi, na mwenye kuichukua tambarare ameichukua nyika yote, ijapokuwa hakuigusa.

Nayo ikachukuliwa. Kampuni ya Kiholanzi ilipanda miwa Wonji katika miaka ya 1950, na baadaye Metehara. Bwawa la Koka likajengwa mwaka 1960 kwa ajili ya umeme, likadhibiti mafuriko yaliyokuwa yakinywesha nyasi. Mwaka 1962 serikali ya Mfalme Haile Selassie ikaunda idara ya kusimamia bonde zima la Awash. Na katika maji ya chini kampuni ya Kiingereza ya Mitchell Cotts ikafungua shamba kubwa la pamba la Tendaho, ambalo mji wa Dubti ulikua juu ya mgongo wake. Katika madaftari ya idara ardhi hiyo iliandikwa kuwa tupu, labda kwa sababu afisa aliyekwenda kuitazama alikwenda wakati wa mvua, wenyewe wakiwa malishoni. Au hata kama hakwenda wakati huo, aliona ngamia, asione mwenyewe. Wala insafu hainiruhusu kuwalaumu wageni peke yao. Sultani Ali Mirah Hanfare, aliyetawala Aussa tangu mwaka 1944, aliona upesi kuwa pamba ina faida, naye pamoja na wakuu wa nchi yake wakalima mashamba makubwa, na wapo Waafar waliopata riziki ndani yake. Mwenye mbuzi kumi na mke mjamzito hakupata.

Mvua zilipokosekana kwa mfululizo kuanzia mwaka 1972, malisho ya kukimbilia yalikuwa yamekwisha kuwa pamba. Amartya Sen, mwanauchumi wa Kihindi, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa, alieleza jinsi wafugaji wa pande hizo walivyopigwa mara mbili: kwanza mifugo ilikufa kwa kukosa majani, kisha bei ya yule mnyama aliyesalia ikaanguka mbele ya bei ya nafaka, hata mtu aliyekuwa na ng'ombe sokoni hakuweza kumgeuza chakula cha kuwatosha watoto wake. Sina shaka kuwa dagu ilikuwa imekwisha kuizungusha habari hiyo katika bonde lote kabla mtu yeyote hajaiandika. Lakini hapakuwa na njia ya dagu iingiayo katika kasri la mfalme, na dunia iliijua njaa hiyo mwezi wa Oktoba 1973, pale Mwingereza Jonathan Dimbleby alipoionyesha katika televisheni ya kwao. Mwaka uliofuata mfalme akapinduliwa.

Kutoka hapo ndipo ughaibuni wa Waafar ulipoanza kuwa na sura tunayoijua. Serikali mpya ya Derg ilitangaza mwaka 1975 kuwa ardhi yote ya mashambani ni ya umma, ikapeleka askari Aussa. Sultani Ali Mirah akakimbilia Jibuti na hatimaye Saudia, wafuasi wake wakashika silaha, na Jidda, mji ambao Waafar waliujua kwa hija na kwa biashara ya ng'ambo ya bahari, ukawa barza ya watu waliopoteza nchi. Wengine walitawanywa na vita vya Jibuti vilivyoanza mwaka 1991, wakaelekea Ufaransa na Ubelgiji. Wengine, wa pwani ya Eritrea, walivuka kuingia Ethiopia wakakaa katika kambi za Asaita na Berahle, na baadhi yao wakafika nchi za kaskazini ya Ulaya na Canada. Nayapita haya upesi, kwa kuwa siasa zake ni ndefu na wenye kuzisimulia ni wengi, kila mmoja kwa upande wake.

Jambo moja la wakati huo, lisilo la siasa wala la nafaka, nalihesabu kuwa kubwa kuliko mengi yaliyopewa sifa. Mapema katika miaka ya 1970 wasomi wawili wa Kiafar, Dimis na Reedo, walitengeneza mwandiko wa lugha yao kwa herufi za Kirumi, uitwao Qafar Feera. Msomaji wetu ambaye babu yake aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu atapendezwa na ustadi wao: herufi q waliipa kazi ya ain, na c wakaipa kazi ya ile ha nzito itokayo kooni, ndiyo maana jina la Afar, katika mwandiko wa wenyewe, ni Qafar. Watu ambao habari zao zote zilikuwa za mdomo sasa waliweza kuziandika. Na baada ya miaka michache kitu hicho kilikuwa chombo cha kufundishia, kikatumika chini ya mti, mbele ya ubao ulioegemezwa shinani, kikabebwa juu ya mnyama ukoo uhamapo.

Hapa ndipo anapoingia mwanamke ambaye Waafar humwita Maalika, jina ambalo sisi hatuhitaji kufasiriwa, kwa kuwa Kiarabu hicho hicho kimetupa malkia. Valerie Browning, muuguzi wa Australia, alifika Ethiopia mara ya kwanza mwaka 1973 kwa ajili ya njaa ile. Miaka mingi baadaye, mwaka 1989, akaolewa na Ismael Ali Gardo, Mwafar, na kutokana na juhudi zao na za Waafar wenzao ikasimama mwaka 1993 jumuiya ya maendeleo ya wafugaji wa Kiafar, ijulikanayo kwa herufi zake APDA, yenye makao Logia. Maisha yake yaliandikwa kitabu mwaka 2008. Sitaki kumfanya walii, wala sidhani kuwa yeye mwenyewe angelipenda. Linalonivuta ni utaratibu wa kazi. Mashirika mengi yalikuwa yakijenga zahanati kisha yakastaajabu kuwa wagonjwa hawaji, kana kwamba mtu aliyehamia mwendo wa siku nne kufuata mvua ya sugum angerudi kwa sababu ya ukuta uliopakwa chokaa. Jumuiya hii ilichagua vijana wa kiume na wa kike katika koo zenyewe, ikawafundisha utabibu wa awali na kusomesha, kisha ikawarudisha kwao wakahame pamoja na watu wao, mkoba wa dawa na daftari vikiwa juu ya ngamia pamoja na mikeka ya mikoma ambayo ndiyo nyumba ya Mwafar. Zahanati ikaenda kwa mgonjwa, na shule ikamfuata mwanafunzi malishoni.

Kwa wanawake kazi ilikuwa nzito zaidi, na sharti itajwe ijapokuwa wapo watakaotahayari. Waafar ni miongoni mwa kaumu zilizowakeketa wasichana kwa namna iliyo kali, ya kukata kisha kufunga. Na msichana wa namna hiyo akishikwa na uchungu mbali na mkunga mwenye ujuzi, aghalabu mmoja kati ya mama na mtoto hakupona, au mama alipona akiwa na fistula, aibu isiyo kosa lake. Jumuiya iliwatumia wanawake wa Kiafar wenyewe kulisema jambo hilo kambini, ikawaomba masheikh waseme wazi kuwa dini haikuamrisha hayo; maana neno la mgeni katika shauri kama hilo lingezidisha ukaidi, lakini neno la shangazi aliyekwisha kuzika binti hujibiwa kwa kimya, na kimya hicho ni mwanzo. Mwaka 2011 ikafunguliwa Mille, kwenye barabara ya malori yaendayo Jibuti, hospitali ya uzazi ya Barbara May, kwa jitihada za Andrew Browning, daktari wa Australia aliyebobea katika kutibu fistula, ambaye ni mpwa wa Maalika; jina la hospitali ni la mama yake. Habari za uzazi mgumu huifikia hospitali hiyo kwa njia zilizochanganyika, za simu ya mkononi pale penye mtandao, na za dagu pale pasipo.

Si kila ihsani ilikuwa na akili hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulipandwa katika bonde la Awash, kwa nia njema ya kuzuia jangwa, mti mgeni wenye miiba ambao ndugu zetu wa Baringo na Tana River wanaujua kwa jina la mathenge, na ambao hawahitaji kuelezwa na mtu yeyote jinsi unavyofunga njia ya maji, unavyoua nyasi chini yake na unavyowaharibu mbuzi meno. Waafar huuita mti wa Derg. Umeenea katika yale malisho ya mtoni yaliyosalia baada ya pamba, na sasa zapo fedha za msaada zinazotolewa kwa ajili ya kuung'oa. Waliopanda walikuwa na wataalamu na magari. Hawakuwa na desturi ya kuchutama na kuuliza kwanza.

Waafar walioko ng'ambo nao hawakosi dosari, na mwandishi anayewasifu tu anawapunja. Wanatoka katika dola tatu, wana vyama vinavyopingana, na mara nyingine mkutano ulioitishwa kwa ajili ya visima umeishia katika bendera. Fedha wanazopeleka nyumbani, kwa hawala au kwa mkono wa msafiri, huanzia kwa ndugu wa damu, jambo ambalo maafisa wa misaada huliona kuwa upendeleo. Mimi silioni hivyo. Mtu anayefanya kazi ya usiku katika ghala la mji wa baridi, akapigiwa simu kuwa mbuzi wa shangazi yake wamekufa, anafanya lile lile alilolifanya babu yake alipoazima ngamia wa maziwa. Ila yeye hatarajii kurejeshewa, na zamu yake ya kuhitaji, akiwa mgeni mwenye vibali vya mashaka, haiko mbali kama majirani zake wa huko wanavyodhani.

Mtihani mkubwa ulikuja kwa vita vya Tigray vilipoingia nchi ya Waafar. Tarehe 5 Agosti 2021 watu waliokuwa wamehama makwao, wakajisitiri katika kituo cha afya na shule, walishambuliwa. UNICEF ilisema zimeripotiwa habari za kuuawa zaidi ya watu 200, miongoni mwao zaidi ya watoto 100. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mapigano yaliendelea upande wa kaskazini, mamia ya maelfu wakahama, na kambi ya Berahle, iliyokuwa na Waafar waliokwisha kuikimbia Eritrea, ikashambuliwa mwezi wa Februari, hata watu hao wakawa wakimbizi mara ya pili. Walioko ng'ambo walichanga. APDA iligawa unga, maji na turubai. Koo ambazo hazikuguswa na vita ziliwapokea wenzao chini ya mikeka yao kabla lori lolote halijafika. Waliokuwa wadhaifu kabisa walipelekwa kwenye hospitali kuu iliyokuwa bado ikifanya kazi, nayo ni ya Dubti. Madaktari Wasio na Mipaka, walioingia humo mwezi wa Aprili mwaka huo, walikuta watoto wenye utapiamlo wakiwa wengi kuliko vitanda. Na wengi katika waliokufa walikufa ndani ya saa 48 tangu kufikishwa, kwa kuwa walikuwa wamebebwa siku nyingi katika nchi isiyo na zahanati iliyosalia wazi.

Na Dubti, kwa msomaji aliyesahau, ndio mji ule ule uliokua kwa pamba ya Tendaho.